Mtakatifu Yohane Bosco: Baba wa Vijana Aliyelazimika Kupumzika

Mtakatifu Yohane Bosco, anayefahamika na wengi kwa jina la Don Bosco, alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, kaskazini mwa Italia. Baba yake alifariki dunia mtoto huyo akiwa hajatimiza miaka miwili, na mama yake, Margherita, akabaki na mzigo wa shamba na malezi. Yohane alipewa Daraja Takatifu ya Upadre mjini Torino tarehe 5 Juni 1841.

Torino wakati huo ulifurika vijana waliotoka vijijini kutafuta kazi za uashi na usafishaji wa dohani. Wengi hawakuwa na mlezi wala katekista. Don Bosco alianza kuwakusanya kila Dominika kwa ajili ya Misa Takatifu, mafundisho na michezo, na kusanyiko hilo likaitwa Oratori. Baada ya kuhamahama na kufukuzwa mahali pengi, lilipata makao Valdocco, katika banda la Bwana Pinardi, siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1846.

Lakini Oratori haikuwa kazi yake pekee. Alikuwa padre mhudumu katika hospitali ya wasichana iliyoanzishwa na Giulia di Barolo, mwanamke tajiri na mcha Mungu. Aliwatembelea wafungwa, akawafuata vijana katika maeneo yao ya kazi, na usiku aliandika vitabu. Mwanamke huyo, alipoona afya ya padre inadhoofika, alimsihi aachane na vijana kwa muda ili apumzike. Don Bosco alikataa. Aliona afadhali kupoteza nafasi hiyo pamoja na mshahara wake kuliko kuwaacha watoto wasio na mtu.

Mwili, hata hivyo, una sheria zake. Dominika moja ya Julai 1846, baada ya kuwahudumia vijana kutwa nzima, alizimia. Ugonjwa wa mapafu ulimshika kwa nguvu, na katika siku chache akapewa Mpako wa Wagonjwa. Vijana wake walikwenda kwa zamu kusali katika Patakatifu pa Bikira Maria Consolata, mahali ambapo Wamisionari wa Consolata, waliokuja baadaye Kenya na Tanzania, walipata jina lao. Wengine walifunga kwa mkate na maji huku wakibeba matofali siku nzima. Wengine waliweka nadhiri za kusali Rozari maisha yao yote. Padre Borel, rafiki yake, alimshawishi mgonjwa aombe naye uponyaji wake mwenyewe. Akaomba, na akapona.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Aliporudi kwa vijana akitembea kwa mkongojo, alizichunguza nadhiri zao na kuzibadilisha zile walizojitwika bila kupima nguvu zao. Naye pia akalitii agizo la waganga: alikwenda Becchi kwa mama yake, akakaa huko kwa miezi kadhaa, huku Padre Borel akiisimamia Oratori. Kazi ya Mungu haikusimama.

Tarehe 3 Novemba 1846 alirudi Torino, lakini hakurudi peke yake. Mama Margherita, akiwa na umri wa miaka 58, aliacha nyumba yake na wajukuu wake, akaenda kuwa mama wa watoto wasio wake. Kwa miaka kumi, hadi kifo chake mwaka 1856, aliwapikia na kuwashonea nguo. Naye alichoka. Siku moja, vijana walipokanyaga bustani yake ya mboga, alitaka kurudi kijijini. Mwanawe hakumkemea wala kubishana naye. Alimwonyesha tu Msalaba ukutani, naye akabaki.

Don Bosco hakuwa mtu wa kupumzika sana maishani mwake. Alifariki dunia tarehe 31 Januari 1888, akiwa na umri wa miaka 72, mwili wake umechakaa kwa kazi. Hata hivyo, baada ya ugonjwa ule hakuubeba mzigo peke yake. Mwaka 1859 alianzisha Shirika la Wasalesiani, ambalo leo linalea vijana hata kwetu, Dodoma na Iringa. Papa Pius XI alimtangaza Mtakatifu mwaka 1934.

Wapo kati yetu makatekista, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, wanakwaya na akina mama wanaoona aibu kusema wamechoka. Kristo mwenyewe aliwapeleka mitume wake faraghani waliporejea kutoka utume wao. Basi kumpokea mwenzetu anayetaka kutusaidia, na kuitunza Dominika, si uvivu. Ni kukiri kwamba shamba ni la Bwana, nasi ni watumishi tu.

Mtakatifu Yohane Bosco, utuombee.