Edsger Dijkstra, mwalimu wa programu zinazogawana kazi

Mfanyabiashara wa Lubondja, katika Fizi, anaweza kutuma dola 20 Baraka kwa simu. Akikosea na kuandika 200 huku akiba yake ni 50, programu inapaswa kukataa. Je, ukaguzi huo ukae kwenye skrini au nyuma yake? Watengenezaji wa programu wanaojibu swali hilo wanaegemea wazo la Mholanzi Edsger Dijkstra, aliyefariki tarehe 6 Agosti 2002 akiwa na miaka 72.

Dijkstra alizaliwa Rotterdam tarehe 11 Mei 1930, baba yake akiwa mkemia na mama yake mwanahisabati. Alisomea fizikia Leiden, kisha mwaka 1952 akaanza kutengeneza programu katika kituo cha hisabati cha Amsterdam. Kazi hiyo ilikuwa ngeni kiasi kwamba alipofunga ndoa na Maria Debets mwaka 1957, maofisa wa mji walikataa kuiandika kwenye hati. Ikabidi aandikwe mwanafizikia.

Mwaka 1959 alichapisha mbinu ya kutafuta njia fupi kati ya miji miwili, ambayo inatumika hadi leo katika ramani za kompyuta. Mwaka 1968 alieleza mfumo uliojengwa kwa tabaka, kila tabaka na kazi yake. Mwaka 1972 alipewa Tuzo ya Turing, heshima kubwa kabisa katika fani hiyo.

Mwaka 1974 aliandika waraka mfupi akishauri kwamba mtu achunguze upande mmoja wa tatizo kwa wakati mmoja, bila kusahau kwamba pande nyingine zipo. Hakuwa akizungumzia skrini, lakini wazo hilo lilienea hadi kwenye programu za biashara.

Kazi ya skrini ni kuonyesha na kupokea. Kanuni kwamba kiasi kiwe tarakimu, kizidi sifuri na kisipite akiba, ni kazi nyingine. Kanuni ikiandikwa ndani ya skrini, mwenye simu ndogo ya vitufe, mwenye simu ya kisasa na mwenye kabine watakuwa na nakala tatu tofauti. Kiwango kikibadilishwa, nakala moja ikasahaulika, pesa zinapitia hapo. Skrini inaweza kumwonya mteja mapema, lakini neno la mwisho litoke nyuma yake, mahali pamoja, kwa kuwa mwizi anaweza kuikwepa skrini.

Kuanzia mwaka 1984 Dijkstra alifundisha Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, hadi alipostaafu mwaka 1999. Aliandika nyaraka zaidi ya 1,300, nyingi kwa kalamu ya wino, na kuwatumia wenzake nakala. Saratani ilimuua nyumbani kwake Nuenen, Uholanzi. Chuo hicho kinahifadhi nyaraka zake, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisoma bila malipo.