Prof. Job Bwayo: Msee wa Nairobi Aliyesaka Chanjo ya Ukimwi Hadi Risasi Ikamkatiza

Hebu nikuulize kitu. Ukiambiwa utaje wanasayansi watano wa Kenya bila kugugo, utafika wangapi? Usiogope, hata mimi nilikwama kwa Wangari Maathai, na nilikaa chuo miaka miwili kabla karo inishinde. Leo nataka nikuongezee jina moja kwa hiyo listi yako fupi. Job Bwayo.

Kama ulizaliwa baada ya 2000 pengine hujawahi kumskia. Lakini wazazi wako, kama walikuwa wanasoma magazeti, wanakumbuka ile Jumapili ya tarehe 4 Februari 2007. Majambazi wenye bunduki walivamia gari la profesa, wakampiga risasi, akafa. Mke wake alijeruhiwa lakini akapona. Hiyo enzi wizi wa magari ulikuwa umechacha Nairobi, watu waliuliwa kwa sababu ya gari ambalo lingepatikana limeachwa mahali kesho yake. Wale vijana wa bunduki sidhani walijua wamemuua nani. Turudi nyuma nikuambie.

Ukimwi uliripotiwa Kenya mara ya kwanza 1984. Lakini mdudu alikuwa ameshaingia mtaani kitambo. Tunajuaje? Kwa sababu pale Chuo Kikuu cha Nairobi kulikuwa na mradi wa magonjwa ya zinaa ulioanza mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakishirikiana na Wakanada wa Manitoba, na walikuwa wamehifadhi damu ya zamani kwa friji. Walipoipima, wakashtuka. Kati ya wanawake wanaouza mwili Nairobi, waliokuwa na virusi 1981 walikuwa asilimia 4. Kufika 1985, asilimia 61. Miaka minne tu, msomaji. Asilimia 61.

Bwayo alikuwa katika idara ya maikrobaiolojia ya tiba hapo chuoni, na baadaye ndiye akawa mkuu wake. Angeweza kukaa kwa maabara na koti jeupe, afunze, aende home. Badala yake, yeye na wenzake walifungua kliniki kando ya barabara kuu pale Athi River, mahali malori husimama.

Hii part naipenda sana. Fikiria dereva wa lori miaka ya tisini. Ametoka bandarini Mombasa na mzigo wa Kampala au Kigali, analala Mariakani, analala Mtito Andei, anangoja foleni Malaba siku kadhaa. Ako mbali na nyumbani wiki nzima na ako na doh mfukoni. Kila mtu alikuwa akiwalaumu hawa wasee kwamba ndio wanasambaza ugonjwa. Lakini ni nani alikuwa anawatibu? Dereva hana muda wa kupanga laini hospitali kubwa. Kwa hivyo kliniki ikamfuata yeye na taniboi wake. Walipimwa, wakatibiwa kaswende na vidonda vingine, wakaongeleshwa kuhusu kondomu bila kutusiwa. Na kutibu vidonda haikuwa huruma tu. Kidonda sehemu za siri ni mlango wazi, virusi hupita hapo bila kubisha.

Data za Athi River zilionyesha pia kwamba madereva wasiotahiriwa waliambukizwa zaidi. Wakati huo wengi walidhani ni stori ya kabila. Desemba 2006, jaribio kubwa la Kisumu, lililofanywa na timu nyingine, lilisimamishwa mapema kwa sababu jibu lilikuwa limeonekana wazi: tohara hupunguza uwezekano wa mwanaume kuambukizwa kwa karibu nusu. Bwayo alikuwa amebakisha chini ya miezi miwili ya kuishi. (Na usichukue hiyo nusu ukatupa kondomu, tafadhali.)

Sasa tuingie Majengo, pale Pumwani.

Kuna wanawake hapo waliokuwa wakifanya biashara ya ngono kwa miaka, wanakutana na wateja wenye virusi kila saa, na bado wakipimwa hawana kitu. Walikuwa wachache, ndio, lakini walikuwepo. Profesa Elizabeth Ngugi, nesi aliyeheshimika sana mtaani huo, ndiye aliyejenga uaminifu nao, na Mkanada Frank Plummer akafuatilia damu zao mwaka baada ya mwaka. Swali likawa: hawa wamama wana nini ambacho sisi hatuna?

Sehemu ya jibu ilikuwa kwa aina fulani ya seli za kinga, zile kazi yake ni kutafuta seli za mwili zilizoingiliwa na virusi na kuziua. Za hawa wanawake zilikuwa zimeshamjua mdudu. Ni kama askari wa estate ambaye ameonyeshwa picha ya mwizi mapema, hangoji aibe ndio amtambue. Wazo likazaliwa: tukiweza kuwaonyesha askari wa kila mtu hiyo picha, si tumepata chanjo?

Lakini hapo ndipo inauma. Baadaye ilionekana baadhi ya wanawake hao walipopumzika kazi kwa muda, kisha wakarudi, waliambukizwa. Kinga ilitegemea kukutana na hatari kila siku. Waza vile ilikuwa kumpa mama jibu hilo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini Bwayo akaanzisha KAVI, mpango wa Kenya wa chanjo ya Ukimwi, ukishirikiana na Oxford na shirika la kimataifa la IAVI. Kumbuka hali ya nchi. Wakenya walikuwa wameshachezwa. Mwaka wa 1990 Kemron ilitangazwa kwa shangwe kama dawa ya Ukimwi, majaribio ya baadaye yakaonyesha haisaidii. ARV zilikuwa bei ya matajiri. Halafu huyu profesa anakuja kuomba watu wenye afya wadungwe kitu cha majaribio! Ilibidi aeleze tena na tena kwamba chanjo hiyo haina virusi hai, imebeba kipande tu cha maelezo ya virusi, kwa hivyo haiwezi kukupa Ukimwi. Na ilitengenezwa kwa aina A ya virusi, ile iliyotapakaa Kenya, si ile ya Marekani na Ulaya. Hiyo peke yake ilikuwa mpya.

Kabla sindano hata moja haijadungwa hapa, ngori ikazuka. Mwaka wa 2000 watafiti wa Nairobi waligundua kwamba upande wa Uingereza umeomba hataza ya chanjo bila kuwahusisha. Damu ya Majengo, jasho la Nairobi, jina la wengine. Kelele zilipigwa, watu wakakaa mezani, makubaliano yakaandikwa upya na chuo chetu kikapewa haki yake. Kwangu huo ushindi ni mkubwa kuliko unavyosemwa.

Mapema 2001 majaribio yakaanza Nairobi. Chanjo ilikuwa salama. Lakini 2004 matokeo yalitoka na yalikuwa baridi: ni watu wachache tu ambao kinga yao iliamka, na chanjo hiyo ikawekwa kando. Bwayo hakufunga duka. KAVI ikaendelea kujaribu chanjo nyingine, Kenyatta na kule Kangemi, na vijana wa Kenya wakafunzwa kuendesha utafiti kwa kiwango cha dunia bila kushikwa mkono.

Chanjo ya Ukimwi haijapatikana mpaka leo. Kuna PrEP, kuna sindano ya lenacapavir ya mara mbili kwa mwaka, ambayo ni dawa ya kuzuia na si chanjo. KAVI bado iko, siku hizi ni taasisi kamili ya utafiti chini ya chuo. Plummer naye alirudi Nairobi 2020 kusherehekea miaka 40 ya ule ushirikiano na Manitoba, na akafia hapa hapa. Tarehe 4 Februari.