Elijah Masinde na Mtungi wa Mababu

Elijah Masinde alizaliwa karibu mwaka wa 1910 huko Maeni, Kimilili, katika eneo ambalo leo limo katika Kaunti ya Bungoma. Anakumbukwa kwa Dini ya Msambwa, vuguvugu lililoisumbua serikali ya kikoloni na, baadaye, serikali ya wananchi. Aghalabu maisha yake husimuliwa kwa kuzingatia ardhi na siasa. Hata hivyo, upo mlango mwingine wa kuyaingilia, nao ni pombe ya nafaka: nani alikuwa na haki ya kuipika, kuinywa na kuipa jina.

Katika jamii ya Wabukusu, pombe haikuwa anasa tu. Mvulana aliyekaribia kutahiriwa aliteka maji na kuyamimina katika nafaka ya pombe ya sherehe yake. Hatua hiyo huitwa khuchukhila. Wazee waliuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na mababu nao walipewa sehemu yao. Nafaka ya kale ilikuwa wimbi. Mahindi yalizidi kutumika baadaye. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati hadi uwe na rangi ya hudhurungi. Wimbi nalo hulowekwa, likaoteshwa, likaanikwa na kusagwa: hicho ndicho kimea. Kimea huugeuza wanga wa nafaka kuwa sukari, na sukari hiyo ikichachuka huwa kileo. Unga uliokaangwa na kimea huchanganywa na maji, na baada ya siku chache busaa huchujwa, machicha yakatengwa.

Mtungi huo ulikutana na hukumu mpya kutoka mbali. Mwaka wa 1902 wamishenari wa madhehebu ya Marafiki kutoka Marekani walifungua kituo Kaimosi, na mafundisho yao yakaenea hadi kwa Wabukusu. Muumini alitakiwa kuacha pombe, tumbaku na ndoa ya wake wengi. Huko Marekani kwenyewe, kati ya mwaka wa 1920 na 1933, utengenezaji na uuzaji wa vileo ulipigwa marufuku nchi nzima. Masinde alikua katika miaka hiyo hiyo. Alijiunga na Marafiki, akasifika kwa kandanda, na mwaka wa 1930 akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Alipooa mke wa pili, kanisa lilimsimamisha. Haikuwa pombe iliyomtoa. Lakini pombe na mke wa pili vilikuwa katika orodha moja ya makatazo, na orodha hiyo haikutungwa Maeni.

Katika mashamba ya walowezi, maisha yalikuwa na sheria nyingine. Walowezi wa Kizungu walitwaa ardhi ya Trans Nzoia, na reli ilipofika Kitale mwaka wa 1926, mahindi yao yalipata njia ya kwenda sokoni. Wabukusu wengi walifanya kazi katika mashamba hayo. Kwa miaka mingi Mwafrika alizuiwa kisheria kunywa pombe kali za Kizungu, ilhali pombe yake ya asili iliwekewa vibali na faini. Mlowezi aliweza kunywa wiski barazani. Kibarua aliyevuna mahindi hakuruhusiwa kuigusa.

Katika miaka ya 1940 Masinde alianza kuhubiri kwamba watu wamrudie Wele, Mungu wa mababu, na matambiko yao. Alipinga pia kulazimishwa kazi wakati wa vita. Mwaka wa 1945 alikamatwa, akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akakaa huko hadi mwaka wa 1947. Mwaka huo, baada ya kuachiliwa, aliongoza umati hadi Chetambe, mahali Wabukusu wengi walipouawa na majeshi ya Waingereza mwaka wa 1895, kuwaombea waliokufa. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake Malakisi, wakaua watu 11. Dini ilipigwa marufuku, naye akahamishwa mbali na kwao kwa zaidi ya miaka kumi.

Hapa inafaa kumkumbuka Elijah mwingine. Elijah Craig alikuwa mhubiri wa Kibaptisti aliyewahi kufungwa Virginia kwa kuhubiri bila idhini. Alihamia Kentucky, akawa na kiwanda cha wiski, akafa mwaka wa 1808. Masimulizi humtaja kuwa mwanzilishi wa bourbon, ingawa wanahistoria hawakubali. Bourbon nayo ni pombe ya mahindi: sheria hutaka yasipungue asilimia 51 ya nafaka zake, na kimea chake kwa kawaida ni cha shayiri. Tofauti yake na busaa ni kwamba hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake kupozwa, kisha huhifadhiwa katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani. Mwaka wa 1964 Bunge la Marekani liliitambua kuwa kinywaji mahsusi cha nchi hiyo.

Mwaka huo huo wa 1964, Dini ya Msambwa iliruhusiwa Kenya. Ruhusa haikudumu: mwaka wa 1968 serikali huru iliipiga marufuku tena, na Masinde akarudi gerezani mara kadhaa. Mwaka wa 1980 ilitungwa sheria ya kupiga marufuku chang'aa, pombe inayokenekwa kama bourbon, lakini bila pipa na bila mlinzi. Masinde alifariki mwaka wa 1987. Sheria hiyo ilifutwa mwaka wa 2010.

Chang'aa chafu imeua na kupofusha watu, na jambo hilo halifai kufichwa. Lakini pombe inayopikwa kwa hofu usiku haina wa kuikagua, na ule mtungi wa wazee, ambao kila mnywaji alijulikana, haukuwa kichaka cha kujificha. Masinde hakuwa mpishi wa pombe. Alichokataa ni kuambiwa na wageni kwamba vitu vyote vya babu zake ni haramu, na alilipia ukaidi huo kwa sehemu kubwa ya maisha yake.