Mama Daktari Aliyezikwa Shela

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote.

Ndugu zangu katika imani, watu wa Lamu wanalijua jina la Mama Daktari. Huyo ni Anne Spoerry, Mfaransa aliyezaliwa Cannes mwaka 1918. Hakuwa Muislamu, lakini maisha yake yana mazingatio kwetu.

Vita Kuu ya Pili ilimkuta Paris akisomea udaktari. Alijiunga na waliopambana kwa siri na Wajerumani, akakamatwa mwaka 1943, kisha akapelekwa kambi ya wanawake ya Ravensbrück. Vita vilipokwisha, wafungwa wenzake walionusurika walimtuhumu kuwa humo kambini alishiriki kuwatesa wagonjwa. Mwaka 1946 baraza la Wafaransa wenzake lilimtia hatiani. Akaondoka Ulaya, akafanya kazi Aden, halafu Kenya.

Alipokuwa na miaka 45 alijifunza kurusha ndege, akajiunga na AMREF, shirika la madaktari wa ndege lililoanzishwa mwaka 1957. Sisi wa visiwani tunaifahamu haja yake. Mgonjwa wa Pate anayengoja chombo na upepo, sawa na mwenzake wa milima ya Tukuyu anayengoja barabara ikauke wakati wa masika, huenda asiiwahi hospitali. Kwa zaidi ya miaka 30 bibi huyu alirusha mwenyewe ndege ndogo hadi Lamu, Marsabit na Turkana, akitibu wagonjwa na kuchanja watoto. Alifariki Februari 1999, akazikwa Shela.

Kuhusu Ravensbrück alinyamaza mpaka mwisho.

Basi tuseme nini? Wema wake tuutaje, kwani asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah. Lakini wema aliowatendea watu wa Lamu hauwalipi wanawake wa Ravensbrück. Wanavyuoni wametufundisha kuwa toba ni kuacha dhambi, kujuta na kuazimia kutoirudia. Na dhambi ikigusa haki ya mja, haki hiyo irudishwe kwa mwenyewe, au aombwe radhi. Wengi wetu twajenga misikiti na kufuturisha, na huku ndugu tuliyemla urithi wake yupo mtaa wa pili.

Hesabu ya Mama Daktari iko kwa Mola wake. Wewe uliyemdhulumu mtu naye angali hai, mwendee leo kabla mmoja wenu hajatangulia.

Wallahu a'lam.