DAKTARI LUCY WILLS NA VIDONGE VYA DAMU

Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Leo nataka kuwasimulia maisha ya mwanamke aliyelithibitisha neno hilo, ingawa wengi wetu hata jina lake hatulijui.

Lucy Wills alizaliwa tarehe 10 Mei 1888 karibu na mji wa Birmingham, Uingereza. Enzi hizo msichana kusomea sayansi lilikuwa jambo la kustaajabisha. Hata hivyo, alijiunga na chuo cha wanawake cha Newnham huko Cambridge akasomea mimea na miamba. Wanawake walifanya mitihani sawa na wanaume, lakini chuo kikuu hicho hakikuwapa shahada kamili hadi mwaka wa 1948! Lucy hakufa moyo. Aliingia shule ya udaktari ya wanawake jijini London, akahitimu mwaka wa 1920 akiwa na miaka 32.

Mwaka wa 1928 alisafiri hadi Bombay, India, mji uitwao Mumbai siku hizi. Huko akina mama wajawazito waliofanya kazi katika viwanda vya nguo walikuwa wakiishiwa na damu vibaya sana, na wengine walifariki. Je, ni viini vya ugonjwa? Lucy alichunguza akaona la, shida ilikuwa chakula. Waliougua zaidi walikuwa maskini, ambao hawakupata mboga, matunda wala nyama ya kutosha.

Basi akawalisha tumbili chakula kama cha akina mama wale, nao wakaishiwa na damu. Alijaribu dawa hii na ile. Mwishowe alimpa tumbili mmoja Marmite, kitu cheusi cha kupaka mkate kinachotengenezwa kwa hamira. Tumbili akapona! Akina mama walipopewa, nao wakapata nafuu. Habari hizo alizichapisha mwaka wa 1931. Kilichokuwa ndani ya hamira kilijulikana baadaye kuwa asidi ya foliki, ambayo wanasayansi wa Marekani waliipata katika spinachi mwaka wa 1941.

Lucy aliaga dunia Aprili 1964, bila kujua faida nyingine ya kazi yake. Mwaka wa 1991 utafiti mkubwa ulionyesha kwamba asidi hiyo, ikitumiwa kabla ya mimba na mwanzoni mwake, huzuia visa vingi vya watoto kuzaliwa na mgongo wazi. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga katika siku 28 za kwanza, wakati mama wengi hawajajua kama wana mimba.

Sasa ndugu zangu, vile vidonge vya damu ambavyo mama zetu hupewa kliniki vina madini ya chuma na asidi hiyohiyo. Mtaani kwetu nimewasikia wengine wakisema eti vinatia kichefuchefu, wakavitupa. Mimi nasema, kichefuchefu si kitu cha kunyamazia. Mwambie muuguzi akushauri, lakini usivitupe. Nanyi wavulana msicheke mkadhani haya ni ya wasichana tu. Kesho mtakuwa baba. Nyumbani leo, muulize dada au shangazi aliye mjamzito kama amemeza chake. Sukuma, mchicha na maharagwe pia visikosekane sahanini. Mtoto ni malezi, na malezi huanzia tumboni.