Joginder Singh: Fundi aliyeona thamani katika gari kuukuu

Gari la mbio likishatumika humtia mnunuzi wasiwasi. Limekimbizwa, limepigwa na mashimo, na pengine limewahi kuanguka. Ndiyo maana bei yake hushuka haraka, na wengi hulipita yadini bila hata kufungua boneti. Historia ya marehemu Joginder Singh wa Kenya inaonyesha kuwa si kila mara soko huwa sahihi.

Joginder alizaliwa Kericho, Februari 9, 1932, katika familia ya Kisingasinga iliyotoka Punjab. Alikulia kwenye kazi ya gereji, akaanza na spana kabla ya usukani. Mwaka 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuwa askari wa doria wa kwanza, kazi yake ikiwa kuwasaidia madereva waliokwama njiani. Kwa fundi kijana hiyo ilikuwa shule tosha, kwani aliona kwa macho yake ni kifaa gani hukatika kwanza katika barabara za vumbi na matope. Mwaka uliofuata aliingia katika mashindano ya magari.

Uamuzi uliomjengea jina ulikuwa wa kibiashara pia. Kwa ajili ya Safari Rally ya 1965, yeye na mdogo wake Jaswant walinunua Volvo PV544 iliyokwisha tumika, ambayo awali ilikuwa ya timu ya kiwanda. Kwa hesabu za kawaida lilikuwa gari la kukimbiwa. Umbo lake lilibuniwa miaka ya 1940, na mwaka huo huo wa 1965 kiwanda kiliacha kulitengeneza. Kila mfanyabiashara anajua kuwa modeli inayoondoka sokoni huvuta bei chini.

Hata hivyo, hesabu ya fundi ni tofauti. Volvo hiyo haina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo wote. Bodi ikipinda au kupasuka, hasara haina mwisho. Ikiwa nzima, injini, springi, shokapu na breki ni vitu vya kufungua na kubadilisha. Aidha, gari lililoandaliwa na kiwanda kwa ajili ya mbio huwa limeimarishwa mahali ambapo gari la kawaida ni dhaifu. Mwenye gereji yake hupata faida nyingine: ufundi anaoutia ndani haulipii bei ya mtu wa nje.

Ndugu hao waliliandaa gari wenyewe. Siku za Pasaka, katika njia iliyopita Kenya, Uganda na Tanzania, walizishinda timu za viwanda kwa zaidi ya saa moja na nusu. Joginder akawa dereva wa kwanza mwenye asili ya Asia kushinda mashindano hayo, na wananchi wakamwita Simba wa Kenya.

Alishinda tena 1974 na 1976 akiwa na David Doig katika Mitsubishi Lancer ya sisi 1,600. Mwaka 1974 alimwacha nyuma Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche 911, gari lenye nguvu zaidi. Katika Safari 22 alizoingia, alimaliza 19. Takwimu hiyo ya pili inaeleza zaidi kuliko vikombe, kwa sababu wengi waliondoka Nairobi kwa kasi wakarudi wakivutwa.

Joginder alifariki London, Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Magari ya enzi zake sasa yana soko jipya, likichangiwa na mashindano ya magari ya zamani ya Safari yaliyoanza Kenya mwaka 2003. Katika soko hilo rangi mpya haitoshi. Mnunuzi makini hulala chini ya gari kutazama bodi, hulinganisha namba ya chesisi na kadi, kisha hudai ushahidi wa mbio linazodaiwa kushiriki. Asiye na fundi wa kumwamini ni heri aache gari hilo yadini, hata likiuzwa kwa bei ya kutupa.