Götzen: guverneri ambaye masuwa yake hakuiona



Kule Kigoma, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, kuko masuwa moja ya chuma yenye kupita miaka mia moja. Inaitwa Liemba. Ndugu zetu wa Uvira, Baraka na Kalemie wanaijua vizuri. Mwaka 1997, kisha ile vita ya kwanza, njo ilirudisha wakimbizi wengi kwao. Lakini siku ilipoingia mu mai mara ya kwanza, iliitwa Graf von Götzen. Huyo Götzen alikuwa nani? Inafaa tumujue, sababu alipita mpaka hapa kwetu Kivu.

Gustav Adolf von Götzen alizaliwa mwaka 1866 huko Silesia, jimbo ambalo zamani lilikuwa la Wajerumani na leo ni la Poland. Jamaa yake ilikuwa ya wakubwa. Ile neno Graf ni cheo cha ukubwa, si jina. Alisoma sheria, akaingia mu jeshi la farasi. Mutu kama yule hakukosa chakula hata siku moja.

Mwisho wa mwaka 1893 alitoka Pangani, kando ya bahari, pamoja na Wajerumani wawili wenzake na mamia ya wapagazi. Mwezi wa tano 1894 aliingia Rwanda, akaonana na mwami Kigeri Rwabugiri. Akaendelea, akapanda mulima Nyiragongo, akafika kwenye ziwa Kivu. Kutoka pale akapenya pori mpaka muto Kongo, akaufuata, na mwisho wa mwaka ule ule akatokea Matadi. Aliandika kitabu, na Bulaya wakasema ni Götzen aliyevumbua Kivu. Wavuvi wa Idjwi walikuwa wanavua mule tangu babu za babu zao! Na wale wapagazi waliobeba muzigo yake toka bahari moja mpaka ingine, majina yao hayakupata sifa yoyote.

Mwaka 1901 walimupa cheo cha guverneri wa Afrika Mashariki ya Wajerumani, ni kusema Tanganyika, Rwanda na Burundi. Yeye alitaka koloni ilipe. Mwaka 1902 ukaanza mupango wa pamba kule kusini: watu walilimishwa shamba za pamoja kwa nguvu, chini ya fimbo, na malipo yalikuwa ya kuchekesha. Kodi nayo ilikuwa inangoja. Mwezi wa saba 1905, watu wa milima ya Matumbi waling'oa miti ya pamba. Vita ya Maji Maji ikaanza.

Hapa kwetu hilo jina halihitaji mufasiri. Kinjikitile Ngwale, wa Ngarambe, aligawia watu dawa ya mai ili risasi za Muzungu zisiwaingie. Sisi tulisikia mai ya Mulele mu mwaka 1964, na Mai-Mai tunawajua mpaka leo. Wajerumani walimunyonga Kinjikitile mu mwezi wa munane 1905, lakini vita ilikuwa imekwisha kuenea. Götzen akaomba Berlin musaada, wakamutumia masuwa za vita na askari wa bahari. Kisha askari wake wakachoma vijiji, shamba na gala za chakula. Njaa ikafanya kazi ambayo bunduki ilishindwa kumaliza. Wajerumani wenyewe walihesabu wafu 75,000. Wenye kuandika historia leo wanafika 200,000 mpaka 300,000. Götzen aliondoka mwaka 1906 akisema ni afya. Akaandika kitabu juu ya ile vita, akapata kazi ya ubalozi Hamburg, na mwaka 1910 akafa, miaka 44.

Sasa masuwa. Zile miaka, Wajerumani na Waingereza walikuwa mu mashindano ya kuchora masuwa kubwa za vita, kila mwaka chuma kinene zaidi na mizinga mirefu zaidi. Lakini masuwa ya ziwa Tanganyika ilikuwa na shida ingine kabisa: bahari haifiki pale. Wachoraji wa kiwanda cha Meyer, kule Papenburg, walipaswa kutafuta namna ya kutengeneza masuwa ya metre 71 ambayo inaweza kuvunjwa vipande, isafiri, na iungwe tena mbali na kiwanda. Wewe mwenye kufanya kazi ya zahabu unaelewa: konkasere haiingii pori nzima nzima. Unaifungua, kila mutu anabeba kipande, na kama kipande kimoja kimepotea njiani, kazi imekufa.

Njo vile walifanya. Mwaka 1913 waliiunga kwanza kwao kwa bulo, wakapima kama kila kitu kinaingia mahali pake, wakaifungua tena, wakaifunga mu masanduku 5,000 hivi. Ikaenda kwa masuwa ingine mpaka Dar es Salaam, kisha kwa treni karibu kilometa 1,250 mpaka Kigoma. Mafundi watatu wa Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, waliisimamia. Wahindi na Waafrika njo walipiga misumari ya moto, sahani kwa sahani. Mwezi wa pili 1915 ikashuka mu mai. Ilichorwa kwa kubeba watu na muzigo, lakini vita ilikuwa imefika. Wakaifunga muzinga wa masuwa Königsberg, ile iliyokufia Rufiji.

Waingereza nao walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, kwa treni mpaka Fungurume, Katanga, kisha zikavutwa juu ya milima ya Mitumba. Na kule pia ni watu wetu waliofungua barabara na kujenga madaraja. Mwezi wa saba 1916, Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani wakazamisha Götzen wenyewe. Lakini wale mafundi walipaka mashine mafuta mazito kwanza, ili kutu isizile. Waingereza waliitoa chini mwaka 1924, na mashine ilikuwa ingali nzima. Mwaka 1927 ikarudi kazini na jina Liemba, jina la zamani la lile ziwa.

Angalieni basi. Götzen alikufa miaka mitatu mbele ya ile masuwa kutengenezwa. Hakuchora mustari hata mumoja, hakupiga musumari hata mumoja. Jina lake liliandikwa juu ya chuma, halafu likafutwa. Kilichobaki ni kazi ya mikono. Lakini mikono yenyewe, tunajua majina ya watatu tu, na wote watatu walitoka Papenburg.

Kwa hiyo, mu kila carré, kamati ishike daftari. Andika jina la mwenye kuchimba, la mwenye kubeba, la mama mwenye kutwanga mawe, na siku aliyofanya kazi. Siku shimo likianguka, ao siku ya kugawana, daftari njo itasema nani alikuwa pale. PDG jina lake limeandikwa tayari.